Risiva ya 1978, spika za Advent na mashine ya Technics: nianze kuboresha wapi?

SanturiMbili

Habari zenu wakuu. Naomba mwongozo kwa wenye uzoefu wa vyombo vya muziki vya zamani. Seti yenyewe ni hii: risiva Pioneer SX-780 ya mwaka 1978, wati 45 kwa kila upande kwenye ohmu 8, mashine ya santuri Technics SL-1200MK2, na spika mbili za Large Advent, zile za boksi lililofungwa pande zote, wufa moja (spika ya besi) na twita moja (spika ya sauti nyembamba) kila boksi. Katriji, yaani kifaa kinachobeba sindano, iliyofungwa kwenye mkono haina jina linalosomeka, na sindano yake haijulikani imetumika saa ngapi.

Dalili ni hizi. Besi imelegea, na spika ya kushoto inatoa mtetemo kama karatasi iliyochanika nikiongeza sauti. Upande wa kulia hupotea kabisa, kisha hurudi nikizungusha kizungusho cha sauti huku na huku. Kwenye santuri, herufi "s" za mwimbaji zinakwaruza, na kadiri sindano inavyokaribia katikati ya sahani ndivyo inavyozidi. Redio ya FM haina shida hiyo ya "s".

Fedha niliyotenga inatosha ama kitu kimoja kikubwa, ama vitu vidogo viwili vitatu. Chaguo ninaloliwaza ni amplifaya mpya ya wati 60 kwa upande, au spika mpya, au katriji nzuri. Pia nataka kupiga muziki wa simu kupitia risiva hii. Je, nianze na kipi, na kipi kisubiri? Kushika chuma cha kuchomea risasi najua kidogo, multimita ninayo.

Fundi_Koili

Mkuu, kabla ya kuchagua cha kununua, tenganisha vitu viwili: kilichoharibika na kilicho dhaifu. Dalili zote ulizotaja ni za kuharibika. Ukinunua amplifaya mpya leo, ile karatasi iliyochanika itaendelea kulia, tena kwa nguvu zaidi.

Nianze na spika kwa sababu ndizo zenye tatizo kubwa. Wufa za Advent zina ukingo wa sponji unaoshika koni kwenye fremu. Sponji ya aina ile huoza yenyewe kwa hewa na unyevu, hata spika ikikaa bila kupigwa. Toa kitambaa cha mbele uguse ukingo kwa kidole, taratibu. Ukinata kama lami au ukidondoka unga, umekwisha. Boksi lililofungwa linategemea hewa ya ndani kuirudisha koni mahali pake, kwa hiyo ukingo ukipasuka hewa inavuja na besi inalegea. Na koni isiyoshikwa sawasawa inakwenda upande, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inasugua chuma cha sumaku. Ukiendelea kupiga hivyo utakwangua waya wa koili, na hapo kazi ya ukingo tu itageuka kuwa kazi ya wufa nzima. Acha kuzipiga mpaka uzikague.

Kipimo cha kwanza: chomoa waya za spika kwenye risiva, weka multimita kwenye ohmu, upime kila spika. Spika ya ohmu 8 husoma kati ya 5.5 na 7 hivi, kwa sababu multimita inapima waya wa koili peke yake. Ukipata sifuri kuna shoti. Isiposoma kabisa, koili au waya imekatika. Kipimo cha pili: sukuma koni ya wufa kwa vidole vilivyotandazwa pande zote, polepole, na usikilize. Ikisugua utasikia kama msasa.

Koili zikiwa nzima, usinunue spika mpya. Nunua ukingo wa sponji wa wufa hizo. Angalia jambo moja kabla ya kuagiza: Large Advent zilitoka na wufa za fremu mbili tofauti, moja ina pete ya mbao iliyoshindiliwa kuzunguka fremu, nyingine ni chuma kitupu, na kingo zake hazifanani. Pima kipenyo cha koni yenyewe na kipenyo cha mahali ukingo unapokaa kwenye fremu, ulinganishe na vipimo vya muuzaji. Jina la spika peke yake halitoshi.

Kazi inakwenda hivi. Weka alama ya + kwenye waya kabla ya kuzitoa. Fungua skrubu, toa wufa, na uitunze ile kamba laini ya kuzibia hewa iliyo chini ya fremu. Ikiwa imekauka utahitaji mpya. Bandua sponji ya zamani kwa vidole, kisha gundi iliyobaki iloweshe kidogo kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi kwa pamba, ukwangue kwa kisu butu. Usimwagie koni, karatasi ikilowa inapinda. Hatua hii inachosha na ndiyo watu huipunja, halafu wanashangaa ukingo mpya unabanduka baada ya miezi.

Koni lazima ikae katikati kabisa. Njia ya uhakika ni kukata ile kofia ndogo ya katikati kwa wembe, ukiacha ukingo wa milimita 2 au 3 wa kuibandikia tena, kisha uchomeke vipande vinne vya plastiki nyembamba kati ya silinda ya koili na chuma cha katikati, kila robo ya duara kipande kimoja, mpaka koni ikae bila kuchezacheza. Bandika ukingo kwenye koni kwanza, upande uleule ulipokuwa wa zamani, mbele au nyuma. Gundi nyeupe inayobaki laini ikikauka inafaa. Gundi ya papo kwa papo haifai kabisa, inakauka ngumu na haikupi nafasi ya kusahihisha. Ipe saa kadhaa. Ndipo ubandike upande wa fremu, ukibana kidogo kidogo ukizunguka. Iache saa 24. Toa plastiki, sukuma koni tena, usikilize. Kimya? Rudisha kofia.

Unapofunga, chunga usiingize waya kinyume. Betri ya volti 1.5, + kwenye + ya spika kwa nukta moja: koni zote mbili lazima ziruke nje. Moja ikiruka ndani, besi za spika mbili zitauana. Mwisho sukuma koni na uiachie. Kwenye boksi lisilovuja inarudi kwa uvivu, kama inavuta pumzi. Ikirudi ghafla, kuna mahali hewa inatoka.

Usisahau swichi ya nafasi tatu ya twita iliyo nyuma ya boksi. Hushika kutu na kufanya twita inyamaze, watu wakadhani imeungua. Izungushe mara ishirini na spirei ya kusafishia swichi kabla ya kuhukumu twita.

Mzunguko33

Naunga mkono kuhusu spika. Mimi nitasema ya sindano, maana "s" zinazokwaruza zaidi karibu na katikati ya sahani ni maelezo yanayotosha kabisa.

Sahani inazunguka kwa mwendo uleule, lakini duara la ndani ni dogo, kwa hiyo mawimbi yaleyale yamebanwa kwenye urefu mfupi wa mfereji. Sindano iliyochakaa imekuwa na bapa mbili pembeni, haiwezi kufuata kona hizo kali, inakwangua. Na haikwangui sauti tu, inakwangua santuri yenyewe. Sindano ya saa zisizojulikana ihesabu kuwa imekwisha. Hata ile iliyokaa ndani ya boksi miaka 30 bila kuguswa ina mpira mdogo unaoshika shina lake, nao hukakamaa.

Kwa mkono wa SL-1200MK2, Audio-Technica AT-VM95E ni pa kuanzia pazuri. Sababu ya kuichagua si bei. Mwili wa katriji za VM95 ni mmoja, sindano zinabadilishana: leo unaweka E ya duaradufu, kesho unachomoa sindano unaweka ML ya ncha nyembamba zaidi, bila kugusa skrubu wala kupima upya pembe. Kwa sindano ya E mtengenezaji anahesabu takriban saa 300, kwa ML saa 1000. Ukipiga santuri kila siku, fanya hesabu hiyo mwenyewe. Na kwa tatizo lako la duara la ndani, ML ndiyo tiba hasa. E itapunguza sana, ML itapunguza zaidi.

Je, inaafikiana na mkono? Mkono huo una uzito wa mwendo wa gramu 12. Katriji ina gramu 6.1, skrubu nusu gramu, jumla 18.6. Ulaini wa shina umeandikwa 7 kwa kipimo cha hertz 100, ambao kwa hertz 10 unakadiriwa 13 hivi. Gawanya 159 kwa kipeuo cha pili cha 18.6 mara 13, unapata kama hertz 10, ndiyo mtikiso wa asili wa mkono na katriji kwa pamoja. Unatakiwa kuwa kati ya 8 na 12: juu ya mtikisiko wa sahani zilizopinda, chini ya noti yoyote ya muziki. Ortofon 2M Red nayo, gramu 7.2 na ulaini 20, inaangukia hertz 8. Inafanya kazi, ila imesimama mlangoni. Sahani iliyopinda itakufanya uone wufa zikipepea.

Kufunga: toa kichwa cha mkono, funga katriji, na upime milimita 52 kutoka mwisho wa kola ya kichwa, pale kinapokutana na mkono, hadi ncha ya sindano. Technics walitoa kifaa kidogo cha plastiki cha kupimia umbali huo. Pande za katriji ziwe sambamba na pande za kichwa. Rudisha, weka antisketi (nguvu inayozuia mkono kuvutwa ndani) sifuri, zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee bila kupanda wala kushuka, geuza pete ya namba isome 0, kisha uzungushe uzito pamoja na pete hadi gramu 2.0. Antisketi nayo 2. Mizani ndogo ya kidijitali ya kupimia sindano ni bora kuliko kuamini pete. Halafu urefu wa mkono: sindano ikiwa juu ya sahani, mkono uwe sambamba na sahani ukitazama kwa ubavu. Usijaribu kuponya mkwaruzo kwa kupunguza uzito hadi gramu 1.5, sindano nyepesi inarukaruka ndani ya mfereji na kuharibu zaidi ya sindano nzito kidogo.

Jambo ambalo wengi hawaligusi: kapasitansi, yaani uwezo wa waya na ingizo kuhifadhi chaji. VM95E inataka jumla ya pikofaradi 100 hadi 200, waya na ingizo la risiva kwa pamoja. Koili yake ni milihenri 550. Ikikutana na pikofaradi 300, kilele cha sauti kinatua karibu na kilohertz 12, palepale kwenye ukali wa "s". Kwa 150 kinapanda hadi kilohertz 17 na zaidi, ambako hakikusumbui. Kwa hiyo usiongeze urefu wa waya wa mashine kwa waya za ziada. Mashine ikae karibu na risiva, basi.

SanturiMbili

Nashukuru sana wakuu. Nimepima. Koili: kushoto ohmu 5.9, kulia 6.1. Ukingo wa kushoto umepasuka nusu duara, wa kulia unanata ila bado umeshika. Wufa zote hazisugui.

Kwenye risiva, kwenye soketi za spika, nikiwa nimechomoa spika na sauti ikiwa sifuri, baada ya dakika kumi multimita ya volti za DC inasoma milivolti 18 kushoto. Kulia ni 74, na haitulii, inapanda na kushuka. Je, hiyo ni mbaya? Na bado nauliza kuhusu wati 60, kwa sababu sebule ni kubwa na nataka sauti ijae.

Ohmu_Nane

Umepima vizuri. Milivolti 18 haina neno. Chini ya 50 nalala usingizi. 74 haiunguzi spika, lakini kule kupanda na kushuka ndiko kunakonisumbua, kwa sababu kitu kizima hutulia. Ikipita 100 ishughulikie kabla ya kurudisha spika. Ukiwahi kukuta volti nzima, yaani 5 au 20 au 30, zima palepale. Hatua ya mwisho ya amplifaya imekufa, na kazi ya rile ya ulinzi (swichi inayojiendesha kwa umeme) ni kukatalia isije ikaunguza wufa.

Nijibu wati kwanza, maana ndipo fedha nyingi hupotea. Kutoka wati 45 hadi 60 ni ongezeko la desibeli 1.25. Sikio linahangaika kulitambua. Ili upate desibeli 3, ambazo ni "imeongezeka kidogo" tu, unahitaji wati 90. Boksi lililorekebishwa likaacha kuvuja litakupa zaidi ya hapo kwenye besi. Na ziinue spika kutoka sakafuni sentimita 30 hadi 40 ili twita ielekee usawa wa masikio. Sebule inayoonekana kumeza sauti mara nyingi inameza twita inayopiga kwenye miguu ya viti. Risiva ibaki.

Sasa yale ya upande wa kulia kupotea. Kabla ya sehemu yoyote mpya, safisha. Chomoa umeme, subiri, fungua kifuniko. Kizungusho cha sauti, besi, trebo, balansi, swichi ya kuchagua chanzo na ile ya tape monitor: kila kimoja kina tundu dogo ambalo spirei inaingia. Spirei iwe ya kusafishia swichi za elektroniki, kama DeoxIT D5, tone mbili tatu, kisha zungusha mwisho hadi mwisho mara thelathini. WD-40 ya kawaida usitumie humu. Inaacha mafuta yanayokusanya vumbi na mkwaruzo unarudi. Swichi ya tape monitor ndiyo mwizi mkubwa wa upande mmoja: sauti yote inapita pale hata kama huna kaseti, na haiguswi miaka nenda rudi.

Ukisafisha na upande bado unapotea, mtuhumiwa wa pili ni rile ya spika. Dalili yake: kwa sauti ndogo upande haupo, ukipandisha ghafla unarudi, kwa sababu mkondo mkubwa unapenya ule weusi wa kwenye viguso. Kuvisugua kwa karatasi ni dawa ya wiki chache. Weka rile mpya yenye volti ileile ya koili na miguu inayolingana.

Milivolti zinazochezacheza: tazama transista mbili za mwanzo wa amplifaya ya upande huo. Pioneer nyingi za miaka ile zilitumia 2SA726, ambayo inajulikana kwa kuchoka: inatoa mkwaruzo kama mahindi yanayokaangwa hata bila muziki, na kuyumbisha DC. Ukiikuta, mbadala unaotumika sana ni KSA992. Badilisha zote mbili za jozi kwa pamoja, na uchague mbili ambazo kipimo chake cha hFE (ukuzaji wa mkondo) kinatofautiana chini ya asilimia 10, la sivyo DC haitakaa karibu na sifuri. Hakikisha mpangilio wa miguu kwenye karatasi ya maelezo kabla ya kuchoma risasi. Kisha fanya upande wa kushoto vilevile, hata kama leo uko sawa.

Hatua ya mwisho ya SX-780 ni moduli za STK-0050. Hizo usiziguse zikiwa nzima. Za kubadilisha zinazouzwa nyingi ni za bandia, hazibebi mzigo ulioandikwa. Kazi yako ni kuzitunza: ile krimu nyeupe ya kupitishia joto ikiwa imekuwa chokaa, ifute upake mpya, nyembamba, na risiva uiachie nafasi ya wazi juu yake. Usiweke mashine ya santuri juu ya kifuniko.

Halafu kapasita za elektrolaiti, vile vihifadhi chaji. Zina umri wa karibu miaka 50. Badilisha zote.

Fundi_Koili

Hapo kwenye "zote" nitakupinga kwa heshima, Ohmu_Nane. Ushauri huo unamfaa mwenye kipimo cha ESR (ukinzani wa ndani wa kapasita) na mkono uliozoea. Kwa anayeshika risasi kidogo, kapasita sitini ni nafasi sitini za kugeuza + na –, au kung'oa njia ya shaba kwenye bodi ya zamani ambayo gundi yake imechoka. Ikigoma hutajua kosa liko wapi. Aanze na za ugavi wa umeme kwenye bodi ya ulinzi na ya volti tulivu, ambazo hupikwa na joto la rizista za jirani, kisha zilizovimba au kuvuja. Awashe na kusikiliza kila baada ya bodi moja.

Ohmu_Nane

Hoja ya bodi moja baada ya nyingine naikubali, tena naisisitiza. Nabaki na msimamo kwamba mwisho wa safari zote zitoke, maana kapasita haivimbi kila mara inapokauka. Nyingi husoma sawa kwa µF huku ukinzani wa ndani umepanda. Ila ziende kwa awamu.

Kanuni za kubadilisha: µF ileile, volti ileile au zaidi, joto la 105°C. Kuzidi µF kwa asilimia 20 hakuna tatizo. Zile mbili kubwa za kuchujia umeme usizitie uchu: kama zimeandikwa 10,000, weka 10,000 au 12,000. Ukiweka 22,000 kila unapowasha, mkondo wa kujaza unaumiza diodi, swichi ya kuwashia na fyuzi, na sauti haibadiliki. Ndogo za 1 µF kwenye njia ya sauti zinaweza kuwa za filamu.

Kabla ya kugusa chochote ndani, hata baada ya kuchomoa, pima volti kwenye hizo kubwa. Zimwage kwa rizista ya ohmu 100 hadi 1000 ya wati 5, si kwa bisibisi. Na kila unapowasha baada ya kazi, washa kupitia balbu ya wati 60 au 100 iliyounganishwa kwa mfuatano na waya wa umeme, spika zikiwa nje. Iwe balbu ya waya wa moto ya zamani, ya LED haifanyi kazi hiyo. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti na balbu imekuokolea transfoma.

Lingine kwa yeyote mwenye seti iliyotoka Marekani au Japani: soma volti nyuma ya risiva. Japani ni volti 100, Marekani 120. Baadhi zina kichagua volti nyuma, zisizo nacho zinataka transfoma ya kushusha. Technics yako motor yake inaongozwa na kioo cha quartz, haijali hertz; lakini mashine za mkanda zenye motor inayofuata umeme wa hertz 60 zikipewa 50 huzunguka polepole kwa asilimia 17 karibu.

SanturiMbili

Nimeelewa. Ukingo wa sponji na katriji naagiza kwanza, spirei pamoja nazo. Swali la mwisho ni la simu. Nikichomeka kipokezi cha Bluetooth au DAC (kigeuzi cha dijitali kuwa sauti) kwenye AUX, ingizo la vyombo vya nje, kizungusho cha sauti kikifika robo tu tayari ni kelele, na chini ya hapo upande wa kushoto unasikika kuliko wa kulia. Je, ingizo limeharibika? Nichomeke kwenye PHONO, ingizo la mashine ya santuri?

Mzunguko33

PHONO hapana kabisa. Ingizo lile linasubiri milivolti 2.5 na linapandisha besi na kushusha trebo kwa kanuni ya RIAA, ile ya kusawazisha sauti ya santuri. Utapata mvumo mzito uliopasuka.

AUX yako ni nzima. Ilitengenezwa kwa vyombo vya wakati ule: milivolti 150 zinatosha kuifikisha nguvu kamili. DAC ya leo inatoa hadi volti 2, ambazo ni desibeli 22.5 juu yake. Kwa hiyo unatumia kipande kidogo cha mwanzo wa kizungusho, na pale mwanzoni njia zake mbili za kaboni hazilingani kamwe, ndiyo maana kushoto kunazidi. Safisha ukitaka, tofauti ile haitaisha.

Dawa ni kupunguza kabla ya kuingia. Kwa kila upande rizista mbili: kilo-ohmu 10 kwenye njia, kutoka DAC kwenda risiva, kisha kilo-ohmu 4.7 kutoka upande wa risiva kwenda kwenye ganda la soketi. Hiyo inashusha desibeli 10. Bado kali? Badala ya 4.7 weka 1.8, unashusha 16. Robo wati, uvumilivu wa asilimia 1 ili pande mbili zilingane. Zifunge ndani ya plagi ya RCA ya upande wa risiva, waya unaobaki baada yake uwe mfupi. Kupunguza sauti kwenye simu nako kunasaidia, ila simu inapunguza na ubora wa mawimbi pamoja na sauti, rizista hazifanyi hivyo.

Fundi_Koili

Na waya za spika, kabla hujauziwa za bei ya gari: shaba ya milimita za mraba 1.5, mita 5 kwenda na 5 kurudi, ina ukinzani wa ohmu 0.115. Kwa spika ya ohmu 8 ni kama asilimia moja na nusu. Ukizidi mita 8 weka 2.5. Urefu uwe sawa au usiwe sawa kwa pande mbili, haidhuru. Kinachodhuru ni unyuzi mmoja wa shaba uliochomoza na kugusa soketi ya pili nyuma ya risiva, na kwa STK-0050 shoti hiyo haisamehewi. Pindisha nyuzi vizuri, paka risasi kidogo nchani au funga vibano, kisha vuta waya kidogo kuhakikisha umeshika kabla hujawasha.

Kuhusu kulia ambako ukingo bado umeshika: badilisha zote mbili siku moja, hata hivyo. Sponji mpya na sponji ya kale zina ukakamavu tofauti, na besi itaegemea upande mmoja.